Vyeti vya kwenda nje ya nchi: kazi kubwa imalize Kigoma kabla ya safari ya Dodoma

Muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje hausemi kwamba kweli ulizaliwa hospitali ya Maweni au kwamba ulifaulu Kidato cha Nne. Unasema jambo moja tu: saini na muhuri uliopo kwenye karatasi yako ni vya ofisi inayotambulika. Ubalozi ukigonga wake baadaye, nao unaithibitisha saini ya Wizara, basi. Kila ngazi inaiangalia ile iliyo chini yake. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka Kibondo au Kasulu mpaka Wizarani Mtumba, Dodoma, akarudishwa dirishani ilhali ada anayo mkononi, kwa sababu karatasi yake imeruka ngazi. Ngazi za chini nyingi ziko hapa hapa mkoani au zinafanyika kwa mtandao, na hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Kwanza muulize anayekusubiri huko nje, iwe ni chuo, mwajiri au ofisi ya uhamiaji. Anataka cheti halisi kigongwe muhuri, au nakala iliyothibitishwa inatosha? Anataka tafsiri ya lugha gani, na ifanyike wapi? Cheti kisizidi umri wa miezi mingapi? Omba jibu kwa maandishi, uchapishe, utembee nalo. Likitokea bishano kwenye ofisi yoyote, karatasi hiyo itakusaidia kuliko maelezo ya mdomo.

Akikujibu kwamba anataka "apostili", mweleze mapema. Apostili ni cheti kimoja kinachotosha baina ya nchi zilizojiunga na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Tanzania haimo katika mkataba huo. Burundi imo tangu 2015 na Rwanda tangu 2024, lakini hilo halikusaidii, maana ni lazima nchi inayotoa karatasi na nchi inayoipokea zote ziwemo. Karatasi ya Tanzania hupita njia ndefu: ofisi iliyoitoa, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi inakokwenda. Anayekuuzia "apostili ya Tanzania" anakuuzia karatasi isiyo na kazi.

Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachosumbua zaidi. Tangazo la kuzaliwa kutoka hospitali si cheti, wala kadi ya kliniki si cheti. Vyote viwili ni ushahidi wa kuombea cheti. Cheti chenyewe ni cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa wilayani hutolewa kupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Ukishakuwa nacho, kifanyie uhakiki RITA kupitia mfumo wao wa mtandaoni, hasa kama ni cha zamani au kimeandikwa kwa mkono. Uhakiki unalinganisha cheti chako na daftari la usajili, na hapo ndipo cheti cha "kusaidiwa na mtu" hujulikana. Ni heri ujue ukiwa Ujiji kuliko kuambiwa na ubalozi. Kama hujawahi kusajiliwa na tayari ni mtu mzima, anza miezi mingi kabla. Kwa mkoa wa mpakani kama wetu maswali ya uraia huwa mengi, hivyo kusanya kila kitu: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, cheti cha darasa la saba, barua ya mtendaji, vitambulisho vya wazazi.

Halafu majina. Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Kwetu R na L hubadilishana nafasi kirahisi: Rukia shuleni, Lukia kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha NIDA, watoa vitambulisho vya taifa, wakaandika kama walivyosikia. Hamisi huyu ni Khamis kwenye pasipoti. Mwingine alisoma kwa jina la babu, akaajiriwa kwa jina la baba. Weka karatasi zako zote mezani, uandike majina kama yalivyo kwenye kila moja, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ndogo ya herufi au mpangilio wa majina kwa kawaida huelezwa kwa kiapo mbele ya wakili, kikitaja kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye hati ipi. Kubadili jina kabisa ni jambo jingine: huhitaji hati ya kubadili jina, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo hakitoshi hapo. Kama kosa ni la ofisi iliyotoa cheti, usiapie kosa la mwenzio. Rudi ofisi hiyo wakirekebishe. Anza na hati ambayo nyingine huitegemea, yaani cheti cha kuzaliwa, ndipo NIDA, ndipo pasipoti. Ukianza na pasipoti utalipa mara mbili.

Kiapo au nakala iliyothibitishwa ina thamani ya wakili aliyeisaini. Lazima aione hati halisi. Ukimpelekea fotokopi peke yake anathibitisha hewa. Hakikisha ameandika jina lake, mahali na tarehe, kwa sababu sheria ya mawakili wathibitishaji na makamishna wa viapo inavitaka vyote vitatu, na kiapo kisicho na tarehe hakipiti. Uhai wa leseni yake unaweza kuuangalia mwenyewe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Angalia kabla ya kumlipa, hasa Januari na Februari, leseni zinapohuishwa.

Vyeti vya shule ni vyepesi kiasi. Kidato cha Nne na cha Sita huthibitishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Stashahada hupitia chuo chako na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, shahada hupitia chuo na TCU, tume ya vyuo vikuu. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia benki au simu. Anayetaka umtumie kwa namba yake binafsi, mwache.

Cheti cha ndoa, kiwe cha msikitini, kanisani au bomani, kina nguvu nje iwapo ndoa imefika kwenye daftari la Msajili. Ulizia RITA mapema, kwani fomu nyingine hubaki kabatini kwa mfungishaji. Talaka nayo huthibitishwa kwa nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri na mahakama yenyewe. Nakala ya Mahakama ya Mwanzo itakuwa ya Kiswahili, hivyo panga tafsiri. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya tafsiri zinazokubalika serikalini. Kama nchi husika hukubali wafasiri wake tu, usipoteze fedha hapa.

Cheti cha tabia njema cha Polisi kiache mwisho. Huhitaji alama za vidole, na nchi nyingi hutaka kisizidi miezi 3 au 6. Ukikichukua kwanza, kitachacha wakati unahangaika na majina.

Vyeti halisi visiwekewe plastiki, kwa kuwa wino wa muhuri haushiki juu ya leminesheni na kuibandua huchana karatasi. Kurasa zilizofungwa kwa pini na kugongwa muhuri usizitenganishe hata kwa kutoa kopi. Pini ikichomolewa, mtu wa mbele hana hakika kwamba ukurasa haujabadilishwa.

Sasa nenda Wizarani, ukiwa na hati halisi, uhakiki, nakala na kitambulisho. Kama unamtuma mtu, mpe barua ya idhini na nakala ya kitambulisho chako. Piga simu kwanza kujua kama upeleke Mtumba au ofisi ya Dar es Salaam, kwani balozi nyingi ziko Dar na safari moja inaweza kutosha. Nchi isiyo na ubalozi Tanzania huhudumiwa na ubalozi wake wa nchi jirani, mara nyingi Nairobi. Kwa karatasi za Burundi au Kongo, uliza kwanza kwenye konseli zao zilizopo hapa Kigoma mjini. Watakuambia wanachokubali na kama wanaweza kuzigonga muhuri wenyewe.

Na kwa wenye ndugu Marekani wanaotuma karatasi kuja huku: hati ya serikali kuu, mfano ya FBI, ofisi ya upelelezi, huthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa fomu DS-4194, ada dola 20 kwa kila hati. Cheti cha kuzaliwa au ndoa cha jimbo huanzia kwa ofisi ya jimbo hilo. Kwa kuwa zinakuja Tanzania, ndugu aandike jina la Tanzania kwenye fomu, wasije wakampa apostili, kisha hati zipelekwe ubalozi wa Tanzania mjini Washington kabla ya kutumwa.