Kubadili oili ya difu na transfa kwenye pikapu: fungua plagi ya juu mwanzo

Asalaam alaykum wadau. Watu wengi wananiuliza oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, inabadilishwa baada ya kilomita ngapi na mie jawabu yangu ni ileile, kwa gari za huku Pemba usitizame kilomita mwanzo, tizama gari inapita wapi. Gari ya lami tupu, Chake Mkoani, Mkoani Chake, haijui pwani, hiyo hata kilomita 40,000 inafika bila tabu. Lakini pikapu inayoshuka Tumbe kupakia samaki au inayovuta boti mpaka magurudumu ya nyuma yanazama kwenye maji ya chumvi, hiyo oili yake inaweza kuharibika siku hiyohiyo ulotia mpya. Kwanini? Difu ikitembea inapata moto na hewa ya ndani inatanuka, sasa ukiiingiza majini ghafla inapoa na hewa inajikunja, difu inavuta pumzi kwa ndani, na kama kipumulio, sisi mafundi tunaita briza, kimeziba tope basi inavutia kwenye oili sili, ile ringi ya mpira inayozuia oili isivuje, na kinachoingia si hewa tena, ni bahari.

Nnaelezea kwa Hilux maana ndo zilojaa huku, gari nyengine kazi ni hiyohiyo ila soma kitabu chake kuhusu oili.

Vitu vya kutafuta. Soketi 24 ya pembe sita, sio ile ya pembe kumi na mbili, na alenki ya 10 maana difu za mbele za Hilux za karibuni nyingi plagi zake ni za tundu. Racheti, brashi ya waya, karai la kukingia, matambara, mpira wa plastiki wa kuona ndani kama mita moja na nusu, na pampu ya mkono ukipata. Washa mpya za plagi pia, vile viringi vya kuzibia. Zikiwa hazipo dukani na ya zamani ni ya shaba nyekundu, ichome mpaka iwe nyekundu kisha itose majini, inarudi kuwa laini na inaziba vizuri tu. Ya alminiamu usiichome, itayayuka mkononi mwako, hiyo subiri ije na boti.

Oili yenyewe. Difu zote mbili za Hilux nyingi tia GL-5, hilo ni daraja la oili ya gia, na uzito wake 80W-90 au 85W-90. Dukani ukisema "nipe oili ya difu namba 90" unapewa dumu lolote lilo karibu, sasa soma mwenyewe kwenye lebo imeandikwa GL ngapi. Transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, kwa Hilux nyingi inakwenda na 75W-90, na hapa ndo watu wanapokosea wakiwa na gari nyengine, Ranger na Navara transfa zake nyingi zinataka ATF, ile nyekundu nyepesi ya giaboksi za otomatiki, ukiitia 90 umeiua polepole. Na ile GL-5 itakayobakia usiseme ngoja nimalizie kwenye giaboksi, mle mna ringi za shaba na baadhi ya GL-5 dawa yake ya salfa inazila. Vipimo vinatofautiana modeli kwa modeli, difu ya nyuma lita mbili na kitu mpaka tatu, ya mbele lita moja na nusu hivi, transfa lita moja. Nunua lita sita utulie. Kama difu yako ya nyuma ni ya LSD, ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure, oili iwe ya LSD, au ukikata kona itakuwa inanguruma na kurukaruka.

Sasa kazi. Usiku wa kabla, piga brashi ya waya plagi zote sita, ya juu ya kujazia na ya chini ya kumwagia kwa kila difu na transfa, na uzipulizie dawa ya kutu. Plagi zenye tundu la alenki chokoa mchanga wote utoke kwa msumari mpaka uone chuma cha chini, maana alenki ikiingia nusu inakula pembe zile na hapo umeshajitafutia kazi ya kuchomelea nati juu yake.

Asubuhi, kama gari inaingia baharini, usiiwashe mwanzo. Maji ni mazito kuliko oili kwahiyo yakilala usiku yanakaa chini. Fungua plagi ya juu, halafu ya chini iregeze kidogo tu itone. Likitoka tone la maji meupe kabla ya oili ushajua habari yako. Kaza tena, kisha endesha gari dakika kumi na tano ipate vuguvugu, oili ya baridi inatoka kama haitaki na inaacha uchafu wake chini. Gari ya lami hii ya kutonesha huna haja nayo, pasha moto moja kwa moja.

Egesha pahala tambarare kabisa, na kwa Pemba yetu hii ya vilima kazi ni kupatafuta hapo pahala tambarare. Hendibreki juu, gia ndani, mawe kwenye magurudumu. Hilux unaingia chini bila jeki na ndo vizuri, kwa sababu ukinyanyua upande mmoja kipimo cha oili chote kitakuwa uongo. Ukilazimika kunyanyua basi nyanyua pande zote ziwe sawa na uweke stendi, usiingie chini ya gari ilobebwa na jeki peke yake, hata kwa kuchungulia tu.

Halafu hii naomba muisome mara mbili. FUNGUA PLAGI YA JUU MWANZO, ya kujazia, kabla hujagusa ya chini. Kwenye kila difu na kwenye transfa. Mtu anamwaga oili yote kwa furaha, anakwenda plagi ya kujazia imeganda kwa kutu ya chumvi haifunguki, gari iko uwanjani haina oili na haiwezi kwenda hata kwa fundi. Plagi ikigoma usiiparamie na spana ya bomba. Igonge kichwani kwa nyundo mara kadhaa, za kushtua sio za hasira, tia dawa, ngoja, kisha soketi ya pembe sita na bomba refu la kuongezea nguvu. Na vuta kidogo upande wa kukaza halafu ndo urejeshe upande wa kufungua, hapo kutu inavunjika.

Ya juu ikifunguka, weka karai, fungua ya chini. Ondosha uso, inaruka.

Hapa usiwe na haraka, oili yenyewe inakupa ripoti. Nyeusi tu, sawa, imechoka. Plagi ya chini ya difu ya nyuma kwa kawaida ina sumaku, utakuta imevaa uji wa kijivu laini, uusugue baina ya vidole viwili, ukiwa laini kama poda hauna chembe hiyo ni kawaida ya gia kusuguana. Ukihisi vipande vinachoma, au ukakuta kijipande kinang'aa chenye umbo la jino, hapo acha kununua oili nzuri, difu ifunguliwe itizamwe. Wako wanaotia oili nzito ya 140 ili mngurumo upungue, na kweli unapungua, kisha gari inauzwa haraka. Wewe usiwe mnunuzi wake.

Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na yameshachanganyika. Usitie oili nzuri siku hiyo. Tia ya bei rahisi lakini iwe GL-5 hiyohiyo, tembea kilomita chache polepole, mwaga, na kama bado ina weupe rejea tena. Kuna mafundi wanaosafisha kwa dizeli, mie sipendi, dizeli inabakia kwenye pembe za ndani na inakuja kuiregeza oili mpya. Na usiiache difu ya maji ya chumvi ikalala tupu au ikae wiki, beringi zinashika kutu upesi mno.

Difu ya mbele mambo ni yaleyale. Kwa Hilux za zamani zenye ekseli nzima mbele, tizama yale mabuyu ya chuma nyuma ya magurudumu, yakiwa yamelowa mchuzi mweusi wa grisi iloyayuka basi sili ya ndani imekufa na oili ya difu inahamia huko, utajaza leo na baada ya mwezi imepungua. Nyuma nako ukiona gurudumu limelowa kwa ndani, oili inakwenda kwenye breki, hilo usilichelewe.

Transfa ina mtihani wake mmoja. Ukifungua plagi ya juu oili ikamwagika yenyewe nyingi, usifurahi kuwa imejaa. Kapime giaboksi. Giaboksi ikiwa imepungua, sili ya baina yao imeisha na oili inavuka upande wa pili. Kubadili oili hakutibu hilo.

Kujaza: safisha plagi, washa mpya, rudisha ya chini uikaze. Kama huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, shika racheti ya kawaida kwa mkono mmoja bila bomba, ikishashika washa ongeza kidogo tu basi. Transfa ni alminiamu, uzi wake unakatika kabla hujajua. Kisha jaza kwa pampu, na kama huna, kata tako la chupa ya maji, funga mpira mdomoni, chupa iwe juu mpira uje chini mpaka kwenye tundu, mtoto amimine taratibu wewe uko chini unatizama. Usihesabu lita, jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la plagi, acha imalize kuchuruzika, funga. Kuzidisha si kheri, ikipata moto inatafuta njia na njia yake ni sili.

Kabla hujatoka chini ya gari, papasa juu ya ekseli ya nyuma utakuta kikofia kidogo, hicho ndo kipumulio. Kizungushe kwa vidole, kicheze. Kama kimeganda kitoe ukioshe na petroli. Gari ya pwani mie nakiondoa kabisa naweka nipo, kile kichuma chenye tundu cha kuchomekea mpira, na mpira wa petroli, naupandisha mpaka juu nyuma ya bodi na ncha naielekeza chini, kazi ya nusu saa na inakuepusha na habari yote ya maji niloisema hapo juu.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala shimoni, visima viko hapohapo. Itie kwenye dumu mpelekee mtu anaepaka miti ya uzio kwa ajili ya mchwa, atakushukuru. Na kazi hii usiifanye Ijumaa asubuhi, ile harufu ya salfa haitoki mikononi kwa sabuni ya kuogea, sugua na sabuni ya unga na mchanga laini na bado msikitini wa pembeni atakuuliza kulikoni.

Jaribu gari kama kilomita kumi, rudi chungulia plagi zote zikavu. Foo wili ijaribu kwenye mchanga au tope, sio kwenye lami kavu, inajibana. Baada ya wiki moja, gari imepoa na iko tambarare, fungua plagi za juu utie kidole, oili inatakiwa ifike ukingoni mwa tundu. Ikiwa imeshuka ongeza, ikishuka tena tafuta sili.