Kabla ya miti, fungeni banio: kurudisha maji ya Ruaha Mkuu kiangazi

Mwongozo huu ni wa kamati za jumuiya za watumia maji katika bonde la Usangu, kusini-magharibi mwa Tanzania. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na tangu hapo kampeni nyingi za kuuokoa zimeanza na miche. Miti ni kazi nzuri, ila haifungui mto uliofungwa kwa mabanio, yaani vizuizi vya kuelekeza maji kwenye mifereji. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hushusha maji hadi ardhioevu ya Ihefu, na Ihefu ni kama beseni lenye mdomo wa mwamba pale Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya mdomo huo hakuna kinachotoka, hata kama viboko bado wanaogelea ndani. Kwa hiyo kila lita inayopotea juu, kati ya Julai na Novemba, inahesabika.

Hatua ya 1: Pimeni mfereji wenu

Msianze na lawama za nani kamaliza maji. Anzeni na namba. Mnahitaji tepu, fimbo yenye alama za sentimita, simu ya kuhesabia sekunde na chungwa. Chungwa linafaa kuliko jani au kipande cha mti kwa sababu huzama karibu lote, upepo haulisukumi.

Tafuteni sehemu iliyonyooka ya mfereji, mita 10, isiyo na majani wala mawe makubwa. Pimeni upana. Pimeni kina sehemu tano kutoka upande mmoja hadi mwingine, mchukue wastani. Tupeni chungwa mita 2 juu ya alama ya kwanza ili lifike pale likiwa limeshika mwendo wa maji, kisha hesabuni sekunde hadi alama ya pili. Rudieni mara tano.

Mfano: upana mita 1.5, kina cha wastani mita 0.25, sekunde 33. Mwendo ni 10 ÷ 33, yaani mita 0.3 kwa sekunde. Zidisheni upana, kina na mwendo, kisha mzidishe kwa 0.8, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Mnapata kama mita za ujazo 0.09, yaani lita 90 kwa sekunde. Kosa la kawaida ni kusahau hiyo 0.8, na mfereji ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Hatua ya 2: Linganisheni na mahitaji ya kweli

Hapa ndipo mkutano hunyamaza. Wengi huacha lango la mfereji wazi Septemba, mpunga ukiwa umeshavunwa, kwa hoja kwamba kijiji kinahitaji maji ya nyumbani na ya ng'ombe. Hoja ni ya haki. Hesabuni: watu 3,000 kwa lita 25 kila mmoja kwa siku ni lita 75,000. Ng'ombe 1,000 kwa lita 40 ni lita 40,000. Jumla lita 115,000 kwa siku, na siku ina sekunde 86,400: ni lita 1.3 kwa sekunde. Mfereji unachukua 90. Nyingine zote zinakwenda kulowesha majaruba matupu na kupaa na jua.

Namba hizo ziandikeni kwenye karatasi kubwa, mzibandike ofisi ya kijiji. Mwenye shaka aje na chungwa lake.

Hatua ya 3: Fungeni lango, na lifungwe kweli

Lango la chuma lililopinda huvuja usiku kucha. Zibeni kwa viroba vilivyojazwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Mchanga mtupu huvujisha. Pangeni viroba kama matofali, kila kimoja kikifunika mwungano wa viwili vya chini. Acheni bomba dogo lipite kwa ajili ya yale maji ya nyumbani, au, ikiwezekana, hamisheni hitaji hilo kwenye kisima.

Mabanio ya asili, ya magogo, mawe na nyasi, yana shida nyingine: hujengwa upya kila mafuriko, na mara nyingi hujengwa kuvuka mto mzima. Acheni pengo la kudumu upande wa mkondo. Kiasi cha kuchukua kimo kwenye kibali cha kutumia maji kinachotolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Kisomeni, kina tofauti ya masika na kiangazi.

Msisahau mtaro wa kutolea maji. Shamba lisilo na mtaro wa kuyarudisha mtoni humwaga maji yake mbugani, na huko hayarudi.

Hatua ya 4: Mita 60 na mifugo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Pimeni kutoka ukingo wenyewe, si kutoka maji yalipo Oktoba. Mkipima wakati mto umesinyaa, nusu ya eneo la hifadhi huwa ni mchanga wa mto.

Ng'ombe hawakatazwi maji, wanahamishiwa njia. Wekeni mbauti (birika la kunyweshea mifugo) nje ya mita 60, au mchague njia moja ya kushukia, yenye mawe, mteremko mpole, na uzio wa miiba pande zote mbili. Mkipanda kabla ya kukubaliana na wafugaji mmewapandia malisho, na ugomvi juu yake.

Hatua ya 5: Shikeni udongo kwa vetiva

Ukingo uliosimama wima uchongeni kwanza uwe na mteremko. Andaeni nyasi za vetiva: gawanyeni shina katika vichipukizi vitatu vitatu, kateni majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10. Pandeni kila sentimita 15, mstari ukifuata kontua (usawa mmoja wa mwinuko). Mstari wa mita 100 unataka vishina kama 670, yaani vichipukizi 2,000, kwa hiyo kitalu kianze mwaka mmoja kabla. Pandeni mvua zikishika, Desemba, si Machi. Vishina vikifa viwili mfululizo, jazeni mapema: maji hutafuta tundu hilo hilo na kulichimba kuwa korongo. Mistari iacheni juani, vetiva hudhoofu kivulini.

Hatua ya 6: Sasa miti

Mkuyu ndio rahisi: matawi ya unene wa kifundo cha mkono, urefu mita 1.5, yaacheni kivulini siku chache utomvu ukauke, kisha zikeni sentimita 50. Mzambarau unapandwa kwa mbegu mbichi. Mbegu ikikaa kavu wiki kadhaa haioti, na wengi huilaumu bure. Nafasi mita 5. Matete yaliyopo yaacheni, msiyachome. Mikaratusi hapana, hata kama miche ni ya bure.

Miche mingi hufa kwa magugu na moto, hata pale ambapo maji yapo. Palilieni duara la mita 1 kila mche, na Mei, kabla nyasi hazijakauka, limeni barabara ya moto upande wa mbuga.

Hatua ya 7: Daftari

Simamisheni fimbo ya alama chini ya banio na nyingine juu yake. Mtu mmoja asome zote saa 1 asubuhi, aandike tarehe, vipimo viwili, na lango limefungwa au liko wazi. Kila Jumatatu apigie simu jumuiya iliyo chini yenu mtoni mbadilishane namba. Kipimo cha juu kikitulia na cha chini kikishuka ghafla kati ya jioni na asubuhi, kuna mtu kafungua usiku. Nendeni mkatazame viroba kabla ya kuitisha mkutano. Mara nyingine ni kaa tu kachimba.