Kupima bei ya kubadilisha injini gereji

Fundi wa Tanga akikutajia bei moja ya jumla ya kubadilisha injini, usianze kuomba punguzo kabla hajaigawa kwa maandishi: injini yenyewe, usafiri, ufundi na vipuri vidogo vidogo. Bei ya injini ni rahisi kuhakiki. Wapigie simu wauzaji wawili watatu wa Dar es Salaam, uwatajie modeli iliyogongwa kwenye bloku, na uulize kama inakuja na alteneta, stata na kontroli boksi (kompyuta ya injini) au ni injini tupu, kwa kuwa tofauti kubwa ya bei hutokea hapo.

Vipuri vidogo ndivyo vinavyoficha mengi. Sili ya nyuma ya krenki, kwa mfano, yaani mpira unaozuia oili isivuje upande wa gia boksi, hubadilishwa kwa urahisi injini ikiwa bado chini. Fundi asiyeitaja ni wa bei nafuu leo tu, maana ikivuja baadaye itabidi gia boksi ishushwe na ufundi ulipwe mara ya pili.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama tui la nazi, yaelekea maji yameingia kwenye oili, na injini hiyo mimi nisingeichukua hata bure.

Uliza pia injini ya zamani itabaki kwa nani, kwani hata chuma chakavu kina bei yake. Mwisho, dai risiti yenye namba ya injini mpya, kwa sababu utaihitaji TRA wakati wa kurekebisha kadi ya gari.