Tumbo la mimba likiwasha, paka mafuta ngozi ikiwa na unyevu

Dada mjamzito, tumbo na matiti yakianza kuwasha kadiri mimba inavyokua, fanya hivi: oga maji ya uvuguvugu, si ya moto, kisha usijifute hadi ukauke. Jipanguse kidogo tu kwa taulo, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu paka vaselini au mafuta ya nazi yasiyo na manukato. Ngozi inayotanuka ikikauka huwasha zaidi, na mafuta hayaongezi maji, huyazuia yaliyopo yasipotee. Ukipaka juu ya ngozi kavu hupati faida kubwa. Michirizi hayaizuii, hata muuzaji akiapa. Mstari mweusi wa tumboni uache, hufifia wenyewe baada ya kujifungua. Mkorogo usiuguse kabisa, baadhi yake una zebaki na humfikia mtoto.

Ila muwasho ukiwa viganjani na kwenye nyayo, ukizidi usiku na hakuna upele, mafuta hayatasaidia. Huenda ni ini, nyongo haitiririki vizuri, na hilo ni hatari kwa mtoto. Nenda kliniki siku hiyohiyo ukapimwe damu, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.