Kabla Hujaanza Masta ya Ustawi wa Jamii Ukiwa Kazini

Kazi serikalini inaisha saa 9:30 alasiri, kipindi chuoni kinaanza saa 11 jioni, na hapo katikati Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wanapiga simu. Kuna mtoto wa miaka kama minne ameokotwa stendi, jina la baba halijui, na askari wa zamu hawana pa kumlaza. Simu hiyo ilinikuta mimi, afisa ustawi wa jamii, Ijumaa moja nimeshakaa kwenye daladala, daftari mapajani. Nikashuka. Hadi tunapata familia ya kuaminika ya kumpokea ilikuwa saa 3 usiku, na jaribio la siku hiyo lilikuwa limeshapita.

Ndiyo maana mwenzangu akiniambia anataka kusoma masta huku anafanya kazi, swali langu la kwanza halihusu ada. Namuuliza nani atapokea simu yake. Anayesoma jioni akitoka kwenye kazi ya uhasibu au manunuzi anaweza kuziacha karatasi mezani hadi kesho. Shauri la mtoto haliachiki mezani. Kwa hiyo kaa na mkuu wako wa kitengo kabla hujagusa fomu ya maombi, mkubaliane siku ambazo baada ya saa za kazi wewe haupo, nani anashika simu siku hizo, na mashauri yapi mazito yanahamia kwa mwingine kabisa. Yaandikwe, maana mkuu wa kitengo anaweza kuhamishwa katikati ya muhula na ajaye hatakuwa na habari. Mimi niligawana na dada wa kata ya jirani: yeye Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, mimi Jumamosi nzima na sikukuu. Alinibeba sana, na Jumamosi zile nilimlipa zote.

Kama uko peke yako kwenye eneo lako, jambo ambalo ni la kawaida mno katika halmashauri zetu, fikiria upya masomo ya jioni ya mjini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, wanaosoma walipo, na kina vituo mikoani. Wengine watavutwa na Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya 1973 na imelea maafisa wengi wa fani hii. Popote utakapoangukia, ulizia programu yenyewe, usiishie kwenye jina la chuo: je, masta hiyo imeidhinishwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) au NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), na mfumo wa kusoma ukiwa kazini upo kweli, au vipindi vinawekwa saa 4 asubuhi ukifika? Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili umuulize hilo. Atakuambia yasiyo kwenye kipeperushi.

Sifa ya kuingia ni GPA (wastani wa alama) ya angalau 2.7 ya shahada ya kwanza, yaani daraja la pili la chini. Aliye chini ya hapo asikate tamaa, kwa kawaida hupitia stashahada ya uzamili kwanza.

Halafu piga hesabu ya saa. Kwa utaratibu wa TCU, shahada ya uzamili ina krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasa, kusoma mwenyewe, kazi za kuandika na utafiti. Hizo ni saa 1,800. Ukizitandaza kwa miaka mitatu, ni kama saa 12 kila wiki, pamoja na wiki ya msiba, wiki ya mtoto kuugua na wiki ya kufunga taarifa za robo mwaka. Chukua wiki yako iliyopita kama ilivyokuwa, usichukue ile unayoitamani, uzitafute saa hizo ndani yake. Zisipoonekana, kuna kitu lazima kiondoke, na ni bora kukichagua mapema kuliko kikuchague wewe kwa sapu (mitihani ya marudio) mbili za mpigo.

Fedha nazo. Usitegemee mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo), kwa sehemu kubwa ule ni wa shahada ya kwanza. Na kama bado unarejesha wa zamani, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kila mwezi. Weka hati ya mshahara mbele yako uone umebakiza kiasi gani juu ya ile theluthi moja ya mshahara ambayo makato hayaruhusiwi kuigusa, kwa sababu benki wataangalia hapohapo. Ada unaweza kuomba kulipa kwa awamu. Kinachowaumiza watu ni kile kisichoandikwa popote: nauli, bando, kuchapa, safari za utafiti, kujalidi tasnifu. Nimeona wenzangu wakikimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kwa ajili ya laki tatu za mwisho, na inauma, maana ni sisi walewale tunaowashauri akina mama wasikope huko. Kama unacheza upatu, panga zamu yako ya kupokea iangukie mwezi wa usajili. Ukitaka mwajiri achangie, omba uingizwe kwenye mpango wa mafunzo kabla bajeti ya Julai haijafungwa. Na mwulize afisa utumishi waziwazi masta itabadilisha nini kwenye cheo na mshahara wako. Usijiahidi nyongeza ambayo hakuna aliyekuahidi.

Sasa utafiti, na hapa naomba nikae kidogo. Sisi tulio kazini tunadhani tumeshapata data: kabati limejaa majalada ya matunzo ya watoto, ya kutelekezwa, ya ukatili. Lakini mama aliyekupa siri zake alikupa ili mwanawe apate chakula, hakukupa ili uandike tasnifu. Ukimwomba mahojiano huku shauri lake liko mikononi mwako, hawezi kukataa. Atakubali akiogopa usimsaidie tena, na ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Fanya utafiti kwenye wilaya ambayo hushiki shauri hata moja. Ni gharama zaidi, lakini utalala vizuri.

Vibali pia vina safari yake: barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na wa mtaa. Utafiti unaogusa afya unaweza kuhitaji pia kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Barua yangu ililala kwenye ofisi moja wiki tano, kumbe ilikuwa inasubiri nakala ya pili. Peleka nakala za kutosha, chukua namba ya simu ya masijala, na uwe unapita.

Mahojiano utayafanya kwa Kiswahili na utaandika kwa Kiingereza, jambo ambalo wengi hawalipangii muda. Saa moja ya kinasa sauti ilinilia jioni mbili nzima, kuandika na kutafsiri. Mama akisema "huyu mtoto wa kufikia", au "tulifungishwa ndoa ya mkeka", au "baba yake yupo ila hayupo", utafikiri sana kabla hujaandika, kwa kuwa neno la haraka litamsemea kitu ambacho hakusema. Nilikuwa naacha Kiswahili chake pale pale na kuweka tafsiri chini. Msimamizi wangu alikubali. Muulize wako mapema.

Mafunzo kwa vitendo yanakwama kwa sababu nyingine: ofisi inataka kazi yako ya kila siku ihesabiwe kuwa ndiyo mazoezi. Usikubali hata chuo kikiruhusu. Kama umezoea mashauri ya familia, omba mahabusu ya watoto, hospitali au huduma kwa wazee, chini ya msimamizi ambaye si bosi wako. Mimi wodini nilijifunza kukaa kimya karibu na mgonjwa, kitu ambacho ofisini foleni hainiruhusu.

Nyumbani waambie siku na saa kamili, usiseme tu "nitakuwa bize". Watoto wangu walibandika ratiba kwenye friji, na walikuwa wakali kuliko msajili wa chuo.

Mwisho ni makaratasi. Transkripti ifuatilie sasa, usingoje dirisha la udahili lifunguliwe. Aliyesoma shahada ya kwanza nje ya nchi aanze mapema kuomba TCU iitambue. Na kama jina la cheti cha kidato cha nne halifanani na la NIDA, pengine uliongeza la mume au herufi moja ilirukwa, anza na hilo kabla ya jingine lolote, maana hati ya kurekebisha jina ina wakili wake, msajili wake na foleni yake.