Choa kwa mtoto na paka: tibu nyumba nzima kwa wakati mmoja

Mimi hutibu wanyama, na mara nyingi anayeniletea paka mwenye mabaka yaliyonyonyoka manyoya huwa naye ana duara linalowasha mkononi au shingoni. Wote wawili wana choa. Paka hueneza zaidi fangasi aitwaye Microsporum canis, na vimbegu vyake huweza kukaa hai kwenye mkeka, godoro au kitana hata miezi 18. Ndiyo maana mtoto anapona, kisha baada ya mwezi duara linarudi.

Hatua ya 1: Kagua wote. Kwa mtu, tafuta duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pakiwa pametulia. Kwa paka, angalia masikio, uso na miguu ya mbele. Wapo paka wanaobeba fangasi bila kuonyesha dalili yoyote.

Hatua ya 2: Ngozi ya mtu. Osha kwa sabuni ya kawaida, kausha kabisa kwa taulo ya mgonjwa peke yake. Paka krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo wa duara kidogo. Endelea wiki 2 hadi 4, usiache siku duara linapofifia.

Hapa ndipo dawa za nyumbani huingia. Mshubiri na mafuta ya nazi hutuliza muwasho, vitumie ukipenda, ila havitoshi kumaliza choa. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa kwenye ngozi huunguza; nimeona malengelenge kwenye shavu la mtoto wa miaka minne, na yaliniumiza moyo. Mafuta ya taa na maji ya betri, kamwe! Mafuta ya mti wa chai ni sumu kwa paka.

Tena, soma tyubu kabla ya kununua. Krimu yenye steroidi kama betamethasoni hutuliza muwasho haraka, huku fangasi wakisambaa chini kwa chini.

Mapunye ya kichwani ni kesi nyingine. Krimu haifiki kwenye mashina ya nywele; mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mpeleke zahanati.

Hatua ya 3: Paka. Mtenge katika chumba kimoja kisicho na mazulia, mshike kwa glavu. Usimpe vidonge vya binadamu kwa kukisia. Daktari wa mifugo atapima uzito na kuchagua dawa.

Hatua ya 4: Nyumba. Ondoa manyoya kila siku, fua matandiko, osha sakafu kwa sabuni, kisha pangusa kwa jiki: robo kikombe kwa lita 2 za maji. Usiichanganye na dawa nyingine ya usafi, na paka asiingie mpaka pakauke.

Manyoya yakiota upya, bado usimfungulie. Subiri kipimo cha daktari kionyeshe kuwa fangasi wamekwisha.