Amplifaya nzito: namna ya kuihamisha bila kuibeba

Amplifaya yenye transfoma kubwa ya chuma ni mzigo kweli. Yamaha A-S3200, kwa mfano, ina kilo 24.7, na zipo nyingi za zamani zinazopita hapo. Kwa mwenye mgongo unaosumbua, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, au mzee anayeishi na mjukuu tu pale Pasua ya Moshi au Sakina ya Arusha, kuinyanyua si jambo la kujaribu hata mara moja. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, katika kanuni yake iliyorekebishwa mwaka 1991 imeweka kikomo cha kilo 23, tena kwa mtu mzima wa afya, mzigo ukiwa karibu kabisa na mwili, mikono ikiwa kama sentimita 75 kutoka sakafuni, bila kujipinda. Amplifaya yenye kina cha sentimita 40 inaisukuma mikono mbali na mwili, na kikomo kinashuka hadi kama kilo 14. Ukianzia sakafuni kinashuka tena.

Kwa hiyo hapa hatunyanyui. Tunainamisha upande mmoja kwa wenzo, tunaweka mbao chini yake, tunahamia upande wa pili, kisha tunaisukuma iingie kwenye ubao wenye magurudumu. Itakaa juu ya ubao huo siku zote.

Vifaa

Plywood ya milimita 18, sentimita 50 kwa 45, ukingo upigwe msasa na juu ipakwe vanishi ili iteleze. Magurudumu 4 ya mpira ya inchi 2, mawili yawe na breki. Uyafunge kwa bolti, washa na nati. Skru peke yake hulegea kwenye plywood baada ya kusukumwa huku na huku. Unapochagua magurudumu, gawanya uzito wote kwa 3, si kwa 4, kwa sababu sakafu ikiwa na bonde kidogo gurudumu moja huning'inia. Amplifaya ya kilo 25 na ubao wake zinadai kila gurudumu libebe angalau kilo 10. Nunua la kilo 30 uwe na amani. Kama sakafu yako ni ya saruji yenye mikwaruzo badala ya marumaru, chukua ya inchi 3, madogo yanakwama.

Mbao mbili za inchi 1 kwa 4, futi 12 kila moja. Mwambie seremala azikate vipande vya sentimita 40, utapata 18. Flatibaa ya milimita 6 kwa 40, urefu mita 1, ncha yake uizungushie kitambaa na tepu. Glovu, vipande vinne vya blanketi zito, na kigoda cha kukalia.

Hatua ya 1: Zima, chomoa, subiri

Dakika 15 zinatosha. Hitisinki, yaani mapezi ya chuma ya kupoozea, zipoe, na kapasita za ndani zishuke chaji. Piga picha ya nyuma kwa simu kabla hujagusa waya. Waya za spika uzitie alama kwa tepu, L (kushoto) na R (kulia), chanya na hasi. Usizichomoe amplifaya ikiwa inawaka: nyekundu na nyeusi zikigusana, transista za mwisho zinaweza kuungua hapo hapo.

Hatua ya 2: Jua upande mzito

Mulika tochi kwenye matundu ya juu uitafute transfoma. Mara nyingi haiko katikati, na hapo ndipo watu wanapoumia: mikono inategemea uzito sawa, mashine inajipindua upande mmoja. Baadaye, ukiiinamisha, unaweza kuweka mizani ya kupimia watu chini ya miguu ya upande mmoja na mbao za kimo hicho hicho upande wa pili, kisha ubadilishe. Jumla ya vipimo viwili ndiyo uzito wake.

Hatua ya 3: Inua kwa wenzo

Kaa kwenye kigoda ubavuni mwa amplifaya. Weka vipande viwili vya mbao, kimoja juu ya kingine, sentimita 10 kutoka kwenye bodi yake, yaani kasha la nje. Hilo ni egemeo. Ingiza ncha ya flatibaa chini ya bodi, karibu na mguu wa mpira, mahali penye chuma kigumu. Si chini ya paneli ya mbele, na si kwenye matundu ya hewa. Bati la hapo hupinda.

Sukuma mpini chini taratibu. Sehemu ya mpini ni sentimita 90 na ya mzigo ni 10, hivyo upande wenye kilo 12 hadi 13 unadai nguvu ya kilo 1 na nusu hivi, labda 2. Upande ukipanda, msaidizi, hata mtoto mkubwa, atelezeshe kipande cha mbao chini ya miguu, kikielekea mbele na nyuma. Asitie vidole chini ya mashine. Akisukume kipande kwa kipande kingine. Shusha. Nenda upande wa pili, ufanye vilevile. Kila mzunguko unapata sentimita 2.5.

Usiweke vipande viwili upande mmoja ili kuharakisha. Mashine ikiinama sana, miguu ya upande wa chini hujikunja au kung'oka, na mbao huteleza.

Pima kimo cha ubao wako. Wenye magurudumu ya inchi 2 huwa na sentimita 9 hivi, kwa hiyo safu 4 zinatosha. Kila safu ikipanda, ongeza egemeo kipande kimoja. Lakini usipite sentimita 10 kwa mtindo huu, maana nguzo zinaanza kuyumba. Kwa ubao wa magurudumu ya inchi 3, unaopita kimo hicho, au rafu ya juu zaidi, tafuta vijana wawili.

Hatua ya 4: Isukume

Kwa wenzo huo huo, weka blanketi chini ya kila mguu, kwa kuwa mpira haukubali kuteleza. Gusanisha ubao na mbao, funga breki, mtu auzuie kwa mguu. Sukuma kwa viganja vyote viwili, chini, kwenye chuma. Kamwe si kwenye vitufe wala soketi za spika.

Kama wapo waliokuletea mzigo kwa bajaji, hatua za 3 na 4 hazihitajiki. Waambie mapema: "Vijana wangu, msiiweke chini, iwekeni hapa kwenye ubao, na mwenye nguvu ashike upande wa transfoma."

Hatua ya 5: Makazi yake

Acha waya ziwe na ziada ya sentimita 80, uweze kuuvuta ubao na kuugeuza ufikie nyuma. Juu pabaki wazi angalau sentimita 10. Breki zifungwe muda wote. Iliyotoka Japani isome kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka: nyingi ni za volti 100, nasi tuna 230. Transfoma ya kushushia volti nayo ni nzito, hivyo ipewe ubao wake, mbali kidogo, isilete mngurumo.

Ukiwa bado hujanunua, angalia amplifaya za daraja D zenye pawasaplai ya kuswichi. Transfoma ya hertzi 50 inadai chuma kingi. Ile ya pawasaplai ya kuswichi, inayofanya kazi kwa maelfu ya hertzi, ni ndogo mno, ndiyo maana mashine ya wati 100 kila upande inaweza kuwa na kilo 2 hadi 5 tu. Na ukipenda sauti ya zile za zamani, nunua mono mbili za kilo 15, kila moja ikiendesha spika ya upande mmoja, badala ya stereo moja ya kilo 30.